Tumbo la Shemeji Si Meza

Mteja aliyetuharibia wiki alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye shingo ndefu na subira fupi. Dada alikuwa amemlaza kwenye kiti cha kuoshea, kisogo ndani ya beseni, shampuu imetoa povu la kupendeza, nami ndiye niliyeshika bomba la kusuuzia. Nikafungulia. Harufu ikatangulia, maji yakafuata nyuma kwa adabu. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa, kikasahauliwa, kikakataa kusahaulika. Mwalimu alifumbua jicho moja akauliza kama ile ni dawa ya nywele au ya panya. Kabla sijapata uongo wa kumpa, kikatoka kwenye bomba kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kikamkalia juu ya unyusi. Sitasema kilikuwa nini. Nitasema tu kwamba kilikuwa kinajikunja.

Aliondoka na povu lake kichwani na taulo letu shingoni. Na mwalimu ni mwalimu hata akistaafu: kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umefundishwa, na waliokuwa wazito wa kuelewa walirudiwa somo. Viti vya saluni vikabaki vinatazamana.

Dada hakulia. Dada akiumia husugua. Alisugua mabeseni, akasugua sakafu, akapiga magoti kwenye mfereji wa maji machafu na kuusugua kwa brashi mpaka ungeweza kulia chakula humo, kama una moyo wa hivyo. Saluni ile ndiyo maisha yake. Aliianza kwa kusukia watu nywele kwenye ngazi za nyumba zao, akifukuzwa mlango huu na kukaribishwa ule, hadi akapata chumba chini ya jengo tunalokaa. Kurudi kwenye ngazi za watu, alisema, ni sawa na kufufuka ukakuta bado unaumwa.

Sasa, jengo letu lina msimamizi tunayemwita Bwana Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo linaloning'inia kiunoni mwake na kupiga kelele kabla hajafika. Alikuja na leso puani, akauchungulia mfereji wetu uliong'aa, akatoa hukumu kwamba nywele zinaoza humo pamoja na madawa yetu, na mvuke wake unapanda kwenye mabomba. Dada akamuuliza harufu inapandaje kwenye bomba ambalo maji yanashuka kutoka tangi la paani.

"Harufu haina miguu, mama," akajibu Bwana Funguo. "Inapita inapotaka."

Tukamwomba atufungulie mlango wa paa tukaone tangi. Akasema tangi aliliosha mwenyewe kwa mikono yake, akatuonyesha mikono, ambayo kwa kweli haikuwa ushahidi wa kuosha kitu chochote. Paa ni hatari, akasema, na ufunguo hautoki kiunoni kwake. Halafu, akiwa ameshatupa mgongo, akadondosha lile lililomleta: mwenye nyumba anakuja Jumamosi, ameshaelezwa habari ya saluni, na huenda chumba kikafanywa ghala la mtu wa saruji.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuhusu mtaka cha paani hawakusema kitu, pengine kwa sababu zama zao hakukuwa na matangi ya plastiki. Ni mimi niliyekumbuka kidroni cha Shemeji.

Shemeji, mume wa Dada, anauza magodoro. Kazi hiyo ilimkuta akiwa tayari na kipaji. Dukani kwake hulala juu ya bidhaa kuanzia asubuhi, eti mteja aone inavyofaa, na mteja akija humkuta amelala fofofo, ushahidi usiopingika. Alikuwa amejinunulia kidroni cha kuchezea, chenye mikono minne na propela nne, ukubwa wa sahani, na kijicho cha kamera mbele. Alituambia ataanza kupiga picha za harusi. Mpaka siku ile kilikuwa hakijapiga picha ya kitu chochote isipokuwa ukuta unaokaribia kwa kasi.

Nilimwendea dukani, nikamkuta juu ya godoro la juu kabisa katika rundo, karibu na dari, anakula viazi vya kukaanga kutoka kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Nikamweleza. Akafurahi kama mwanajeshi aliyeitwa vitani, akanirushia rimoti. Niliidaka, nikajuta. Ilikuwa inanata. Vijiti vyake viwili vilikuwa vimevaa koti la mafuta yaliyoganda, rangi ya nta ya sikio, na katikati ya mikunjo ya raba palikuwa na vumbi la maganda ya mayai na kitu kimoja chekundu nilichokiombea kiwe pilipili. Vibonyezo vilizama ukivibonyeza na kurudi polepole, kama mtu anayeamka bila kupenda.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ni rimoti au mabaki ya chakula cha jana?"

"Ndiyo inavyoshikika vizuri," akasema. "Haitelezi."

Nilikaa saluni nikaisafisha kwa pamba na spiriti, huku nimegeuzia pua pembeni. Uchafu ule ulitoka kwa vipande. Pamba ya kwanza ikawa kahawia, ya pili ikawa na unywele. Nilipomaliza ndipo nikagundua ina maandishi.

Jioni hiyohiyo, kukiwa bado na mwanga, tukatoka uani. Shemeji akasema yeye ndiye rubani, mimi nitazame tu. Kidroni kikaunguruma, kikanyanyuka hadi usawa wa kifua, halafu bila kuambiwa na mtu kikaanza kujivuta upande, kinateremka hewani kama mlevi anayejua kwao ni wapi, mpaka kikaingia kwenye nguo ambazo jirani wa ghorofa ya pili alizianika uani na kujisokota ndani ya gagulo lililokuwa halijakauka. Jirani alitoka dirishani. Aliyoyasema siyaandiki, ila Shemeji aliitwa majina yanayopatikana kwenye mfereji tu.

Shemeji akasema ni upepo. Moshi wa sigara ya mlinzi pale getini ulikuwa unapanda wima kama mwanzi.

Basi nikachukua ile karatasi ya maelekezo, ambayo alikuwa amefungia viazi, nikasoma palipokuwa hapajaloa. Mambo ya vijiti hayakuwa magumu. Kijiti cha kushoto ukikisukuma juu, kidroni kinapanda, ukikivuta chini kinashuka, na ukikilaza pembeni kinageuza pua yake hapohapo kilipo. Kijiti cha kulia ndicho cha safari: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Cha kukumbuka ni kwamba kushoto na kulia ni kwake, si kwako. Kikikugeukia uso, mambo yote yanakuwa kinyume, kama unapomchana mtu mbele ya kioo. Hilo nililielewa haraka, maana vioo ndiyo kazi yetu.

Lakini palikuwa na sehemu ya kukisawazisha. Kabla ya kuruka, unakilaza mahali palipo sawa kabisa, unavuta vijiti vyote viwili chini hadi pembe ya kulia, unasubiri taa zipepese kisha zitulie. Hapo kidroni kinakuwa kimefundishwa: huku ndiko kulala sawa. Na mwanafunzi huyu hasahau. Akiwa hewani kazi yake yote ni kurudi kwenye ulalo ule aliofundishwa. Nikamuuliza Shemeji kama aliwahi kukisawazisha.

"Kila siku," akasema, karibu aonekane ameumia. "Nani hafanyi?"

Nikamwomba anionyeshe. Akajilaza chali kwenye benchi la wateja, akapandisha shati, akakiweka kidroni juu ya tumbo, akavuta vijiti. Taa zikapepesa. Tumbo likapanda. Tumbo likashuka. Taa zikatulia. Lilikuwa tumbo kubwa, lenye jasho, na chini ya mbavu lilikuwa na mteremko mrefu wa kuelekea kitovuni, ambako makombo ya viazi yalikuwa yamekusanyika kama maji ya mvua. Alipokinyanyua kidroni, kilitoa mlio wa kitu kinachobanduka.

Dada aliacha kusugua. Alimtazama mumewe, akatazama kidroni, kisha akanitazama mimi, kwa macho ya mtu anayefikiria upya mambo aliyoyaamua ujanani.

"Pametulia hapa," Shemeji akajitetea. "Hata paka hulala."

Kwa hiyo tangu kilipotoka kwenye boksi lake, kile kidudu maskini kilikuwa kimefundishwa kwamba dunia imeinama kuelekea kitovu cha Shemeji. Ningekuwa mimi, hata mimi ningekimbilia kwenye magagulo.

Nikakifuta tumbo, yaani tumbo la kidroni, nikajitia fundi. Nikakilaza sakafuni pa saluni, mahali Dada alipokuwa amesugua, nikavuta vijiti kwa madaha. Tukatoka uani. Kikapanda, kikafikiri kidogo, kikaenda moja kwa moja hadi ukutani. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama na mimi nimekisawazisha kwenye tumbo langu au nimeazima la mtu. Ilinichukua muda kutambua kwamba sakafu ya saluni hujengwa kwa mteremko ili maji yaende mferejini. Kila saluni iko hivyo. Nilikuwa nimefagia mteremko ule kila siku, na nyuma ya ufagio sikuwahi kuuona.

Ni Dada aliyesema tutumie maji. Hakusema kwa furaha. Alifungulia bomba, akajaza sinia pana la kuchanganyia rangi, akaliweka juu ya meza ya mapambo. Yale maji yalikuwa na utando juu, mwembamba, wenye rangi za upinde wa mvua, na chini yake vitu vilivyokuwa vikizunguka bila haraka. Tukainama wote watatu, tumebana pua, tukitazama maji yamekaa wapi kwenye ukingo wa sinia. Upande mmoja yalikuwa juu zaidi. Dada akakunja kadibodi ya boksi la dawa, akaisokomeza chini ya mguu wa meza, akaongeza nyingine, mpaka ukingo ukawa sawa pande zote. Maji yalioza, lakini kulala sawa yalikuwa bado yanajua.

Tukaliondoa sinia, tukapafuta kwa spiriti, nikakilaza kidroni palepale. Vijiti chini, pembe ya kulia. Taa zikapepesa, zikatulia. Nilikuwa na uhakika wa mwanafunzi aliyekwisha kuona majibu.

Kikapanda, kikaenda upande wa pili.

Hapo kidogo niirushe rimoti juu ya paa tumalize mambo. Shemeji akasema, kwa sauti ya mtu aliyesingiziwa kwa muda mrefu, kwamba hata yeye kilikuwa kinamsumbua hivyohivyo, ndiyo maana akawa anakibana na vile vibonyezo vidogo. Nikamuuliza vibonyezo gani. Akanionyesha: pembeni mwa kijiti cha kulia kuna vibonyezo vinne ambavyo kwa uchafu wake nilidhani ni mapambo. Kidroni kikivutika kulia, unabonyeza kushoto, rimoti inalia tii, na kuanzia hapo inakisukuma kushoto kidogo hata kama hujagusa kijiti. Shemeji alikuwa amebonyeza kila siku, tii, tii, tii, kupambana na mteremko wa tumbo lake mwenyewe. Sasa tumbo tulikuwa tumeliondoa, na dawa ya tumbo ilikuwa bado inafanya kazi.

Nikabonyeza kurudi, nikihesabu kwa masikio, mpaka rimoti ikatoa mlio mrefu wa kusema umefika katikati. Nikapandisha. Kidroni kikasimama hewani mbele ya uso wangu, kimetulia, kinaunguruma, kama nzi aliyefikiri vizuri kabla ya kutua. Nikaondoa kidole kwenye kijiti cha kulia. Hakikwenda popote. Dada akasema tu, "Kesho, Bwana Funguo akienda kula."

Kesho yake Bwana Funguo alipotoka getini na kelele zake za kiuno, tukaingia uani. Nilikiinamisha kile kijicho cha kamera kitazame chini. Dada akashika simu iliyokuwa ikionyesha kinachoonekana, Shemeji akapewa kazi ya kutogusa kitu. Nikasukuma kijiti cha kushoto polepole. Ghorofa ya kwanza, ya pili, dirisha la jirani wa gagulo, ya tatu, ukingo wa paa. Kikawa kidogo kama nzi wa kweli. Nikakisogeza mbele.

"Kuna banda," akasema Dada.

Nilimwomba arudie. Akasema kuna banda, la mbao na waya, kuna njiwa, njiwa wengi, na paa zima ni jeupe. Nikadhani ni rangi. Akasema siyo rangi.

Njiwa walishtuka na ule muungurumo wakaruka wote kwa mpigo, nami nikaona wingu lao kutoka chini, nikaogopa. Nikageuza pua ya kidroni nikimbie, kikanigeukia uso, nikasahau somo la kioo. Nilitaka kukivuta kuja kwangu, nikawa nakipeleka mbali. Dada hakuniambia niache. Aliniambia nikishikilie hapohapo, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kilikuwa juu ya tangi. Tangi halikuwa na mfuniko. Mfuniko, ule mweusi wa mviringo, ulikuwa umepinduliwa chini ya banda, umefanywa sahani ya kuwalishia njiwa. Ukingo wa tangi ndio ulikuwa kijiwe chao. Ulikuwa na mbolea nene iliyomiminika ndani na nje kama nta ya mshumaa. Na ndani, Dada aliposogeza simu ili na mimi nitupie jicho, kulikuwa na njiwa walioshindwa kutoka. Mmoja mpya, mbawa zimetanda juu ya maji kama amejipumzisha. Mwingine wa zamani, amevimba. Na wengine ambao ilibidi ufikirie ili ujue walikuwa njiwa. Juu yao wote palikuwa panachemka, polepole, weupe mdogomdogo unaojikunja.

Yale ndiyo tuliyokuwa tukipigia mswaki.

La kuvunda halina ubani. Shampuu ya Dada yenye harufu ya matunda ilikuwa imepigana na jeshi lile peke yake, mwezi mzima, bila msaada.

Nikakishusha kidroni, kikatua juu ya ndoo. Ndipo nilipomwona Shemeji. Rangi yake ilikuwa ya magodoro ya bei ya chini. Akauliza, taratibu sana, kama njiwa akichomwa na kukatwa kichwa anaweza kufanana na kifaranga. Dada akamuuliza kwa nini. Akasema Bwana Funguo huwa anamkaribisha chumbani kwake mara mojamoja kula vifaranga, vitamu, vyenye mifupa laini. Na supu yake. Alipofika kwenye supu alisimama ghafla akaelekea nyuma ya ngazi, na tukasikia kila kifaranga alichowahi kula kikidai kutoka.

Jumamosi mwenye nyumba alifika na viatu vyeupe. Ni mzee msafi kupita kiasi, anayefuta kiti kabla ya kukaa na baada ya kusimama. Bwana Funguo alimkaribisha kwanza ofisini kwake kwa mazungumzo marefu, halafu wakateremka wote saluni, mzee ameshika kikombe cha chai kilichofika nusu. Akasema, akitazama ukuta badala ya Dada, kwamba ameelezwa yote, kwamba anaheshimu kazi ya mtu, lakini afya ya wapangaji ni kitu kikubwa. Bwana Funguo alikuwa anaitikia kwa funguo.

Dada hakujitetea. Alifuta simu kwa kitambaa, akampa mzee, akabonyeza. Alikuwa amesimama wima kabisa, mikono nyuma, na mimi peke yangu ndiye niliyeona vidole vyake vilivyokuwa vikikamatana. Ingekuwa mzee yule ni wa kusema "picha za kitoto," chumba kingekuwa cha saruji kabla ya jua kuzama.

Mzee alitazama. Akanywa funda. Akatazama. Banda likapita, mfuniko ukapita, kisha maji. Kikombe kikabaki njiani kati ya mdomo na kifua, hakipandi wala hakishuki, kimetulia hewani kuliko kidroni chochote nilichowahi kukiona.

"Chai hii," akamuuliza Bwana Funguo, bila kunyanyua macho, "umeichemsha kwa maji gani?"

Bwana Funguo alitazama mfereji wetu, kama vile ungeweza bado kumsaidia.

"Ya bomba, mzee. Lakini yalichemka sana."

Mzee aliweka kikombe juu ya meza ya mapambo. Alitoa leso, akafuta midomo, akafuta ulimi. Alifuta ulimi kwa muda mrefu, mbele yetu sote, na hakuna aliyecheka, hata mimi, na hilo linahitaji kuandikwa. Kisha akanyoosha kiganja. Bwana Funguo akaanza kueleza kwamba njiwa ni ndege wa baraka, na kwamba mfuniko aliutoa kwa muda tu. Kiganja hakikutoka. Funguo zikashuka kutoka kiunoni, moja baada ya nyingine, na mwisho ukaja ule wa paa.

Uamuzi wake ulikuwa mfupi. Tangi litateremshwa, litatupwa, litaletwa jipya, na Bwana Funguo atalisafisha paa kwa mikono ileile aliyokuwa akiionyesha watu. Saluni inabaki. Na ufunguo wa paa, kwa kuwa kumbe kuna watu humu wanaojua usafi ni nini, atakaa nao Dada. Akamnyooshea.

Dada aliutazama ufunguo. Ulikuwa na kitu cheupe kilichokauka kwenye meno yake, na kijinyoya kimoja. Nilimwona anapumua kwa mara ya kwanza tangu mwalimu aondoke na taulo letu. Alitabasamu, akashukuru kwa heshima zote, lakini mikono haikutoka mgongoni.

"Asante sana, mzee," akasema. "Uweke tu humo kwenye dawa ya kusafishia machanuo. Mpaka kesho."